Njia ya Kutoka Takawiri

Akinyi mwanangu,

Umeenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, nami nimebaki hapa na kalamu kabla giza halijaingia. Nikisubiri urudi nitashindwa kusema. Nitakuuliza kama umekula, utaniambia umekula, tutalala, na kesho asubuhi utapanda basi. Ndivyo tumekuwa tukizungumza mimi na wewe tangu mama yako atutoke: chakula, mvua, ng'ombe, basi.

Mambo ya safari yenyewe sitayagusa. Mkoba uupakate mapajani, usilale ukiwa na kitu mkononi, ukifika Mombasa usimpe mtu mzigo akubebee kabla ya kupanda gari la Malindi: hayo yote nyanya yako alikuambia alipokuja kutoka Migori kukuaga, na yeye akikuambia kitu hukisahau kamwe. Mimi nataka kukuandikia juu ya kazi unayoiendea.

Ofisi yenyewe inauza nyumba za likizo kwa watu wa ng'ambo, na wewe utakuwa unawapokea uwanja wa ndege, unawatembeza na kuwajibu maswali yao. Uliponipa habari hizo niliinuka nikatoka nje. Ulisema nyuma yangu, "Hata hii pia hutaki." Nilikusikia. Sikukasirika, Akinyi. Niliogopa, na mtu mzima akiogopa mbele ya mtoto wake hutafuta kazi ya kufanya kwa mikono. Nilienda kufunga lango la zizi ambalo lilikuwa limefungwa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu. Mimi ni Mjaluo wa Homa Bay, na Gati, mama yako, alikuwa Mkuria wa upande wa Migori. Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni, Kikuria changu kilikuwa cha salamu. Kila tulichoambiana chenye uzito tulikisema kwa Kiswahili, na hiki pia nitakisema hivyo.

Bwana Klaus na Bi Renate wa ile nyumba nyeupe kisiwani Takawiri unawakumbuka, lakini unawakumbuka wakiwa wenyeji tayari, wanakuletea peremende kila Desemba. Mimi nawakumbuka siku walipokuja kuitazama. Wakati huo nilikuwa karani wa tiketi gatini Homa Bay, na meli ya kutoka Kisumu ilikuwa bado inafika. Dalali wao, kijana wa Nairobi mwenye viatu visivyojua matope, aliwaleta mpaka dirishani kwangu.

"Waambie wageni," akasema. "Kufika Takawiri ni shida?"

"Si shida," nikajibu. "Meli inafika hapa na inafika Mbita. Kutoka Mbita mnapanda boti, mnavuka mara moja. Na mkitaka gari, barabara inapitika."

Bi Renate akasema kitu kwa lugha yao. Klaus alikuwa amefanya kazi ya uhandisi Tanzania ujanani mwake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha dalali. Akanigeukia. "Mke wangu anauliza, mtu akiugua huko kisiwani, anatokaje?"

Dalali akacheka. "Madam! Ndege inatua Mbita. Daktari anakuja na ndege!"

Wote tukacheka, hata yeye Bi Renate. Na nilichowaambia siku ile kilikuwa kweli. Ilikuwa Januari, barabara kavu, ziwa limetulia kama maji ya beseni. Sikuulizwa habari za Mei, nami sikuzileta.

Wakaichukua nyumba kwa hati ya kupangisha ya miaka mingi, kama wageni wanavyofanya. Klaus akaweka redio ya mawasiliano, akanunua boti yenye injini mbili, na akajiandikisha kwa kampuni moja ya ndege za wagonjwa kule Nairobi. Majina yalikuwa mawili, lake na la mkewe. Hakuna aliyeona ajabu kwamba ni mawili tu. Hata mimi sikuona.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri, sitaki kukudanganya. Halafu gugu likaja. Unakumbuka tulipoliona mara ya kwanza pale gatini, yale maua ya zambarau? Ulichuma moja ukampelekea mama yako, akalitia kwenye kikombe cha maji dirishani. Tulidhani ni pambo. Watu wakaanza kuliita hayasinti, na kabla hatujalizoea jina lilikuwa limefunika ghuba, kijani mpaka jicho linapoishia. Meli ikawa inakosa wiki, ikakosa mwezi, kisha ikaacha kabisa, na dirisha langu la tiketi likafungwa kwa kufuli.

Klaus ndiye aliyeniokoa. "Wewe unazijua njia," akasema. "Basi niletee wageni wangu." Nikawa mtu wake wa usafiri: kuwapokea wageni Kisumu, kutafuta gari, kutafuta boti, kuwafikisha kisiwani na kuwarudisha kwa wakati wa ndege yao. Mama yako akapewa jiko na funguo za nyumba. Wewe tukakupeleka shule ya bweni karibu na Migori, ili wikendi uwe na nyanya yako. Tulikuwa watu wa kuonewa wivu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hili ndilo ninalotaka ulibebe. Barabara ya Mbita ilikuwa inakufa kila mwaka, na mimi nilikuwa fundi wa kuwaficha wageni maiti yake. Gari likizama matopeni, nilikuwa nimekwisha kupanga trekta mahali karibu. Linatokea, wageni wanapiga picha. Boti ikikwama kwenye gugu, nilikuwa na vijana wenye mapanga na soda baridi kwenye kasha. Wageni wakifika wanamwambia Klaus, "Safari ilikuwa nzuri sana!" Klaus ananipiga begani. Mama yako alikuwa akiniangalia kutoka mlango wa jikoni. Siku moja tu alisema, "Siku trekta likikosa, utawaambia nini?" Nikamjibu, "Trekta haliwezi kukosa." Nilisifiwa kwa kurahisisha njia mpaka mimi mwenyewe nikaamini kwamba njia ni rahisi.

Baada ya miaka mingi ya kuwa na wewe peke yako, mama yako alishika mimba. Aliona haya kukuambia. Msichana wa kidato cha tatu, na mama yake mjamzito. Alikuwa akiifunika kwa leso unapokuja likizo, na wewe ukajifanya huoni. Huo ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino. Ilinyesha mpaka watu wakaacha kuizungumza.

"Baba Akinyi," akaniambia, "nataka kwenda kwa mama mapema. Hii mvua siielewi."

Nyumba ilikuwa na wageni. Klaus alikuwa amekuja nao peke yake, Bi Renate amebaki kwao. Walikuwa mume na mke waliotaka kununua kiwanja cha pembeni, na Klaus alitamani sana kupata majirani wa lugha yake. Alikuwa ameniomba kila kitu kiende sawasawa.

"Ngoja hawa waondoke," nikamwambia mama yako. "Nikiwarudisha Kisumu, nakurudia wewe, nakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama."

"Haya. Wewe ndiye mwenye njia."

Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli.

Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa nikimimina petroli kwenye boti. Aliniita kutoka jikoni, si kwa sauti kubwa. Nilimkuta ameshika meza kwa mikono miwili na sakafu ina damu. Akasema, "Sio uchungu wa kawaida. Wa Akinyi ulikuwa mzito, lakini haukuwa hivi."

Klaus aliona, akaenda moja kwa moja kwenye redio. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikamsikia. Wale wa Nairobi wakamuuliza jina la mgonjwa. Akasema, "Renate." Wakamuuliza umri, akataja umri wa mkewe. Alipoweka kile kifaa chini aliniangalia. "Nikisema mpishi, wataanza maswali," akasema. "Mbebe."

Tulimlaza kwenye godoro ndani ya boti tukavuka mpaka Mbita. Nesi wa kituo cha afya alishuka mpaka majini kutuona, mvua ikimnyeshea. Alimpima kwa muda mfupi, akanivuta kando. "Huyu anataka damu na anataka upasuaji. Hapa hatuna. Msimshushe, ndege ikifika mpakieni tu."

Ndege ilifika. Tuliisikia kabla ya kuiona. Uwanja wa Mbita ulikuwa umejaa maji, ndege weupe wa ziwani wamesimama ndani yake wakitafuta chakula. Ile ndege ikashuka chini sana, wale weupe wakaruka, ikapita juu yetu, ikazunguka, ikashuka tena. Mama yako alikuwa akiitazama akiwa amelala chali.

"Wamekuja kuchukua nani?" akaniuliza.

"Wewe."

"Ndege nzima?"

Akatabasamu, Akinyi. Kisha ile ndege ikapandisha pua, ikaingia kwenye mawingu na sauti yake ikaisha. Sitamlaumu rubani. Angetua pale angetuua sote.

Ikabaki Homa Bay. Barabara: daraja moja lilikuwa limekwenda na maji, magari yamejipanga pande zote mbili. Ziwa: wavuvi wakatuambia kuna boti zimekwama kwenye gugu tangu jana, zinaiona Homa Bay kwa macho na haziwezi kufika. Nikamtafuta mwenye trekta langu. Trekta lenyewe lilikuwa limezama kijiji cha pili, watu wanatafuta trekta jingine la kulivuta.

Klaus akasema tungoje, pengine daraja litawekewa magogo. Mama yako ndiye aliyesema, "Nipelekeni kwa mama." Nikafikiri. Upande wa kusini ziwa ni pana, upepo hauliachi gugu likae. Muhuru Bay malori ya samaki huja kila siku kuchukua mbuta wa kiwandani, na yale malori hupita Migori. Karungu ilikuwa karibu zaidi, lakini Karungu sikuwa na uhakika wa gari. Nikasema Muhuru. Nimekwisha kuirudia hesabu hiyo mara nyingi, na mara nyingine naona nilikosea, mara nyingine naona hapakuwa na jibu. Usiniulize.

Ziwa lilikuwa baya. Mimi nilishika usukani, Klaus akakaa sakafuni na kichwa cha mama yako mapajani mwake, akimfunika kwa turubai. Mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa ila kwa mkono wa salamu. Nilisikia akimwambia, "Mama Akinyi, usilale. Niambie ule mchuzi wa samaki unauanzaje." Na mama yako akamwambia, polepole, kitunguu, nyanya, chumvi, huku maji yakituingilia kutoka mbele. Alipofika mwisho Klaus akasema hakuelewa, amwanzie tena.

Muhuru Bay dagaa wa omena walikuwa wameoza kwenye nyavu kwa kukosa jua, ufuko mzima unanuka. Lori lilikuwa pale, limepakiwa samaki na barafu, dereva anafunga mlango wa nyuma. Jina lake ni Chacha, mtu wa kwao mama yako. Alichungulia ndani ya boti mara moja tu, akageuka.

"Shusheni samaki," akawaambia wapakizi.

"Wote?"

"Nimesema shusheni!"

Wakawamwaga palepale mchangani, mbuta wakubwa wa urefu wa mtoto, mvua ikiwapiga. Tukamlaza mama yako juu ya magunia, barafu ikiwa bado pembeni maana hapakuwa na muda wa kuitoa yote. Chacha akamsemesha kwa Kikuria, akajibu kwa Kikuria, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyefika nyumbani. Mwanamke mmoja wa omena, Mama Dolfina, akapanda nyuma nasi bila kuombwa. "Mnaenda wanaume watupu na mwanamke anayejifungua?" akasema. "Songa."

Njia ile ya Muhuru sitakuelezea yote. Lori lilikwama, likasukumwa, likakwama tena. Watu walitoka mashambani na majembe, hawakuuliza ni nani aliye ndani. Mahali fulani katikati ya kukwama huko mtoto alizaliwa. Mama Dolfina alimpokea, akampigapiga, na kwa muda nikasikia mvua tu juu ya turubai. Halafu akalia. "Msichana," Mama Dolfina akasema. "Leta shati lako." Nikavua. Barafu ilikuwa inayeyuka na kupita chini yetu pamoja na damu, ikitokea mlangoni, na kila nilipoangalia nyuma niliona barabara yenye rangi.

Mama yako akaletewa mtoto usoni. Akamgusa paji la uso kwa midomo. Hakuwa na nguvu ya kumshika.

Sasa nafika pale ambapo mimi na wewe tulisimama na hatujaondoka.

Jioni ilikuwa inaingia. Lori lilikuwa limepata barabara nzuri kidogo, na mama yako, aliyekuwa amefumba macho, akayafungua. Sijui alijuaje, maana kutoka pale alipolala aliona juu ya miti tu na ile taa ya lango la shule yako.

"Hapa ni kwa Akinyi," akasema.

"Ndiyo."

"Mwambie Chacha asimame. Nimwone."

Klaus aliinua mkono apige bati la kichwa cha lori, ndiyo ishara ya kusimama. Nikamshika mkono.

"Hospitali kwanza," nikamwambia mama yako. "Ni hapo tu. Kesho Akinyi atakuja awaone wote wawili, na mtoto."

Hakubishana. Aligeuza uso upande ule wa lango, akakaa hivyo hata baada ya kulipita. Alikata roho kabla hatujafika daraja la mto Migori. Mama Dolfina ndiye aliyejua kwanza. Mimi nilikuwa bado nikimwambia kwamba tumefika.

Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu wote, "Mlipita langoni kwangu." Ukauliza nani aliyekataza lori lisisimame, nikasema ni mimi. Ukaniangalia, ukaenda ukakaa na nyanya yako, na nafikiri bado umekaa huko. Wazee walitaka kukukemea, nikawaambia wakuache.

Sijawahi kukuambia zaidi ya lile neno moja, kwa hiyo leo nakuambia. Nikirudishwa ndani ya lori lile nikiwa sijui kitu, nitamshika Klaus mkono tena. Nilikuwa naona hospitali mbele, nilikuwa naona dakika za kukutafuta, mwalimu wa zamu, viatu, kulia. Nilichagua awe hai. Lakini ningerudishwa nikiwa najua ninachokijua leo, ningeshuka mimi mwenyewe, ningekutoa darasani nikikuburuta, nikuweke pale kwenye barafu karibu naye. Yote mawili ni kweli, nami naishi nayo yote mawili. Sikuombi useme chochote.

Klaus alikaa kwenye benchi la hospitali na nguo zile zile mpaka zikamkaukia mwilini. Alikuja mazishini, ulimwona. Tulichelewa kuzika kwa sababu barabara ya kumrudisha mama yako Homa Bay nayo ilikuwa imekatika, na mwili ukangoja Migori mpaka maji yapungue. Hata kaburini alifika kwa shida ya usafiri. Siku Klaus alipokuwa akiondoka nilimpeleka mimi, mara ya mwisho. Hakulala tena katika nyumba ile. Alishika mlango wa gari, akaniambia, "Siku ile gatini tulikuuliza sisi tutatokaje. Hatukuuliza ninyi mtatokaje."

Tangu hapo dalali yule amerudi mara moja, na wanunuzi wengine, mwanamume mzee na mkewe. Alinitafuta hapa nyumbani niwapeleke. Mwanamke akaniuliza habari za njia, kama kila mmoja anavyouliza. Nikamwambia, taratibu, miezi yote kumi na miwili. Nikamwambia juu ya gugu, daraja, uwanja. Hawakwenda hata kuiona. Dalali akaniambia, "Mzee, umeniharibia kazi." Sikujiona shujaa. Nilijiona mtu aliyejifunza kujibu swali baada ya kuzika.

Kwa hiyo, mwanangu, utakuwa unasimama mbele ya watu wenye furaha. Mtu anayenunua nyumba ya likizo ana furaha, anataka umwambie ndiyo. Atakuuliza kutoka uwanja wa ndege ni muda gani, na wewe utajua jibu la siku ya jua. Mpe na la siku ya mvua, hata kama bosi wako anakukanyaga mguu chini ya meza. Mwambie barabara hiyo inakwenda wapi ikikatika, na boti inakaa wapi ziwa, au bahari, likichafuka. Atakuuliza mwenyewe atatokaje akiugua. Wengi huuliza hilo, si wajinga. Hakuna atakayekuuliza mpishi atatokaje. Mtunza bustani, yule msichana wa kufua, mlinzi mwenye mke kijijini nyuma ya ukuta. Liseme wewe. Lisipokuletea kupandishwa cheo, basi.

Na ukiwa hodari wa kazi, maana utakuwa hodari, umetoka kwa Gati, jihadhari siku watakapokuambia kwamba kwako kila kitu ni rahisi. Mimi niliambiwa hivyo. Ni tamu sana kuambiwa hivyo. Mtu akikuomba aondoke leo kwa sababu haielewi mvua, mwache aende leo. Wageni watajipikia.

Nasikia kwaya imenyamaza, kwa hiyo utakuwa njiani. Nimalizie jambo moja.

Basi lenu la Nairobi litapita Kosele na litasimama kuchukua abiria. Mdogo wako anakaa pale kwa shangazi yako Nereah, tangu alipoondoka hospitalini. Tulimpa jina la Gati, na najua ndiyo sababu hujawahi kulitamka, wala kumbeba. Sikulaumu, mimi mwenyewe kwa miezi mingi nilikuwa nikifika pale naongea na Nereah nje, kisha nageuka nirudi. Siku moja alitoka mwenyewe, anatembea, akanishika suruali. Ana paji la uso la mama yako. Utaona.

Nimemwambia Nereah asimame naye steji kesho. Nimemwambia pia kwamba huenda usishuke, na asikuite. Basi halikawii pale. Kaa tu upande wa kushoto, dirishani. Siku hizi amejifunza kupunga mkono, na hupungia kila gari linalopita, bila kujua ni nani aliye ndani.

Baba yako.